Mama Alitaka Waya Upite Juu

Mimi ni mtoto wa pili wa mama yangu. Kwa miaka hamsini na mbili nilijua mimi ni wa kwanza, nikaishi kama mtoto wa kwanza, nikawagombeza wadogo zangu kwa haki zote za mtoto wa kwanza, na hakuna aliyenisahihisha. Aliyenitangulia alikuwa wa kike. Aliishi siku tisa, akafa, wanawake wakamzika nyuma ya nyumba yetu hapa Chemchem, Tabora mjini, kando ya mahali maji ya bafu yalipokuwa yakitokea. Mimi ndiye niliyesimamia vibarua wakachimba pale ili ipite kebo ya umeme. Sikujua. Naliandika neno hilo huku nikijua halisaidii kitu, maana mama alinikataza mara tatu, na mara zote tatu nilimwona bibi kizee anayeogopa umeme.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu sipendi hadithi za kuviziana. Anayetaka kuacha kusoma aachie hapa.

Kazi yangu ni nguzo. Nilianzia Usoke nikiwa kijana, tukisimamisha nguzo katikati ya mashamba ya tumbaku, na siku taa ya kwanza ilipowaka pale kijijini akina mama walipiga vigelegele mpaka nikajiona mimi ndiye niliyeuumba umeme wenyewe. Nimepanda nguzo jua kali, nimepanda mvua inanyesha, nimeumwa na nyuki juu kule nikiwa nimejifunga mkanda, huwezi kukimbia, huwezi kuruka, unabaki unatukana tu. Lakini nguzo ina uzuri wake: ikiharibika unaona. Waya umekatika, huo hapo unaning'inia. Fyuzi imeungua, hiyo hapo nyeusi. Kebo ya chini ikipata hitilafu unaanza kuhangaika kama mtu aliyedondosha sindano shambani, unachimba hapa, siyo, unachimba pale, siyo. Miaka yote hiyo niliwacheka mafundi wa kebo. Niliwaita panya.

Kilichonigeuza ni miembe. Mtaa wetu umekaa juu ya ile njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ikapita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji, na miembe iliyopandwa kandokando ya njia hiyo ndiyo iliyopo mbele ya nyumba zetu hadi leo. Mikubwa, mizee, matawi yake mazito. Ikianza mvua ya masika tu, au hata upepo wa kabla ya mvua, tawi linaanguka juu ya waya na mtaa mzima giza. Mwaka mmoja waya ulidondoka kwenye njia wanayopita watoto wa shule. Ilikuwa Jumapili, Mungu mkubwa, wakafa mbuzi wawili tu. Mimi ndiye niliyeitwa kuwaondoa wale mbuzi. Tangu siku hiyo kila nikiona tawi limeinama juu ya waya, nasimama kulipima kwa macho.

Basi ulipokuja mradi wa kutengeneza laini ya mtaa wetu, mkandarasi akanichukua niwe msimamizi, kwa kuwa nazifahamu kazi hizo na ni mwenyeji. Njia zilikuwa mbili. Ama nguzo ziendelee kupita mbele, na miembe yote ikatwe hadi kisiki, ama kebo ilazwe chini ipitie nyuma ya nyumba, kwa sababu mbele kuna mabomba ya maji. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano watu waseme wenyewe. Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, Jumapili baada ya ibada, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu.

Niliongea vizuri siku ile. Nalikumbuka hilo kwa kinyaa sasa. Niliwaeleza mtaro utakavyokuwa, mchanga chini, kebo juu yake, mchanga tena, matofali ya kuilinda, utepe wa tahadhari, kisha udongo. Nikasema miembe ni historia yetu, babu zetu walitua mizigo chini yake, tutaikata kwa ajili ya waya? Watu wakapiga makofi. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Ndipo mama akasimama. Ana miaka zaidi ya sabini, si mtu wa kusema mikutanoni, hata kanisani kwetu Moravian hukaa benchi la nyuma. Akasema, "Kateni miembe. Waya upite juu."

Watu wakageuka kumtazama. Wote walijua kwamba mama aliuza maembe ya ile miti miaka na miaka, akiwa amekaa na beseni lake pale barabarani, na kwamba sare zangu za shule zilitoka kwenye lile beseni. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Ha! Leo mama mwenye maembe ndiye anataka shoka?" Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo.

Mimi nikawamalizia. Nikasema, "Jamani, msimshangae mama yangu. Wazee wetu wanadhani umeme wa chini utawapiga shoti wakiwa wanaoga."

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mama alikaa, akajifunga kitenge chake vizuri, akatazama ubao. Hakunitazama mimi. Kura zikapigwa kwa mikono, chini ikashinda. Mkono wa mama ulikuwa peke yake upande wa juu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa kesho yake, nyumbani kwake. Mimi nakaa mtaa wa pili na familia yangu, lakini kila asubuhi hupita kumsalimu kabla ya kazi. Nilimkuta anafagia ua wa nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Bado umenuna?"

Akasimamisha ufagio. Akauliza, "Huo mtaro wenu unakwenda chini kiasi gani?"

Nikaweka kiganja kiunoni kwangu. "Hapa."

Akautazama mkono wangu pale kiunoni kwa muda mrefu. "Na upana?"

"Mtu aweze kusimama ndani akachimba. Usiogope mama, mchicha wako hautakufa. Umeme haupandi kwenye mboga."

"Sijasema mchicha. Na udongo mnaotoa mnaupeleka wapi?"

"Mwingine tunarudishia, unaobaki tipa linachukua. Mama, haya ni mambo ya kitaalamu, utaumiza kichwa bure."

"Mwanangu," akasema, "nakuomba. Upite juu."

"Kwa nini?"

Akaendelea kufagia pale pale alipokuwa amekwisha kufagia. Nikaondoka nikiwa na haraka, nikimwambia tutaongea, na njiani nikamsimulia mwenzangu kazini, tukacheka. Nilikuwa nampenda mama yangu. Nilikuwa namcheka na nampenda, sikuona tatizo.

Mara ya tatu alimtuma mdogo wake. Mama mdogo anaishi Goweko, analima huko, na hapandi treni kuja mjini bila jambo. Alikuja na michembe ya viazi vikavu kwenye kiroba na asali kwenye chupa, akanipigia simu niende nikachukue asali yangu. Nikajua hapo kuna neno, maana asali angeweza kuniachia kwa mama.

Akanikalisha sebuleni, mama akiwa jikoni. Akasema, "Mama yako ana sababu yake. Wewe usimuulize. Ila huo mtaro usipite kwake."

"Mama mdogo, utapita kwa nani sasa? Nyumba ziko kwenye mstari. Niruke moja kama mtoto anayeruka kamba?"

"Fanya unavyojua. Wewe si ndiye fundi?"

"Basi niambieni sababu."

"Wewe hutakiwi kuambiwa."

"Aa, mama mdogo! Mkandarasi ataandika nini kwenye ramani? Hapa tumekwepa, bibi ana sababu?"

Akanitazama hivi, akatikisa kichwa, akasema maneno ya Kinyamwezi ambayo niliyasikia vizuri, kwamba shule imenijaza masikio. Nikalichukua kwa mzaha, nikachukua asali yangu, nikaenda zangu.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko kucheka. Mstari wa kwanza niliouchora kwa chokaa haukupita pale bafuni. Ulipita mbali kidogo, karibu na ukuta. Lakini jirani yetu, dereva mstaafu, akaja kunilalamikia kwamba ukienda hivyo utagusa shimo lake la choo. Nikaenda nikapima, kweli. Nikaupinda mstari hatua mbili kuanzia kwake, na kwa kuwa kebo nene haipindiki ovyo, ukaendelea hivyo hivyo ukaingia kwetu, ukapita pale palipokuwa na bafu la zamani. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Jirani alikuwa na choo cha kutaja, tukakwepa. Mama hakuwa na neno hata moja ambalo angeruhusiwa kulitaja mbele yangu. Kama angesema hata uongo, kwamba kuna bomba, kwamba kuna kisima kilichofukiwa, ningeupinda tena. Mama yangu hajui kusema uongo.

Siku ya kuchimba kwake vibarua walifika saa mbili asubuhi. Tukamkuta ameketi juu ya kigoda, pale hasa juu ya chokaa, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, naomba utupishe kidogo."

"Anzeni upande ule."

Tukaanza upande ule. Ua wetu si mkubwa. Ilipofika saa nne mtaro ulikuwa umefika hatua mbili kutoka kwake, na udongo ulikuwa ukimrukia miguuni. Vibarua wakasimama na sururu zao, wananitazama mimi. Maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa zamani. Alikuwa anayachukua upande huu wa ungo anayaweka upande ule. Nikaona aibu mbele ya vibarua. Nikamwendea nikauchukua ungo mikononi mwake mimi mwenyewe, nikampa mama mdogo. Kisha nikamshika mama mkono, akasimama. Alikuwa mwepesi. Akaingia ndani, mlango ukafungwa, na mimi moyoni nikasema afadhali.

Haikuchukua muda. Kibarua mmoja akapaza sauti, "Mzee, tumepata chungu!"

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa mahali pengine hawezi kulielewa. Mtaa wetu, kwa kuwa uko kwenye njia ya misafara, ukichimba choo unakuta kigae, ukichimba msingi unakuta shanga. Tumezoea. Tangu utoto wetu mtoto akiokota kigae huambiwa hivyo ni vitu vya wapagazi, vya wale waliobeba pembe na nguo, waliopika hapa wakaacha hapa. Hakuna anayejiuliza mara mbili. Kila kilicho chini ya ardhi Chemchem ni cha wapagazi.

Kilikuwa chungu kidogo, cheusi, na sururu ilikuwa imeshakipasua. Juu kilikuwa kimefunikwa kwa kigae. Ndani mlikuwa na udongo, mweusi kidogo kuliko ule wa nje, laini. Kibarua akaukung'uta kwenye toroli pamoja na udongo mwingine, akalisukuma toroli hadi nje kwenye tipa. Mdomo wa chungu ulikuwa umebaki mzima, mviringo kamili, na ukingoni una vistari vya kuchorwa kwa kidole. Nikasema hiki kizuri. Nikakipeleka bombani nikakiosha. Nilikiosha vizuri, ndani na nje, nikakifuta kwa shati langu. Nilidhani nitamfurahisha. Nilidhani nikimpelekea zawadi ataacha kununa.

Nikaingia jikoni. "Mama! Tazama. Chungu cha wapagazi, chini ya bafu lako miaka yote hii!"

Akakipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye vile vistari. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kilikuwa na nini ndani?"

"Udongo tu, mama."

"Udongo huo uko wapi?"

"Umeshapakiwa. Tipa limeondoka sasa hivi."

Mama akakaa sakafuni. Si kwenye kigoda, sakafuni, akanyoosha miguu yote miwili mbele, kama wanavyokaa wanawake msibani, kile kipande cha chungu mapajani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimefanya kitu, bila kujua ni kitu gani. Mama mdogo akanivuta shati akanitoa uani.

Alinieleza akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Ulikuwa na dada, akasema. Alizaliwa mwaka mmoja kabla yako. Siku tisa. Baba yenu alikuwa safarini, kazi ya reli, akarudi mtoto amekwisha kuzikwa. Akasema kwa ukoo wao mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje kuonyeshwa watu si msiba wa wanaume. Hakuna matanga, hakuna jeneza, hata mchungaji haambiwi. Bibi yenu alimweka kwenye chungu kipya, akamweka penye unyevu, panapotoka maji ya bafu, ili tumbo la mama yako lisikauke azae tena. Akazaliwa wewe. Na anayefuata haambiwi, asije akaitwa na aliyetangulia. Hata akiwa na mvi haambiwi.

Swali lililonitoka nalikumbuka, na sijui nani aliniwekea mdomoni. Niliuliza, "Alikuwa kina gani?"

"Nini?"

"Bibi alichimba kina gani?"

Mama mdogo alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Lakini mimi kweli nilitaka kujua. Nilikuwa napiga hesabu kama mtaro ungekuwa mfupi kidogo ungepita juu yake bila kumgusa. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa. Huko kwingine kote, kifuani, mikononi, hakukuwa na kitu. Nilitegemea kitakuja baadaye. Imekuwa mwaka na miezi sasa.

Nikawaambia vibarua wapumzike. Nikampigia simu dereva wa tipa.

"Ule udongo wa Chemchem umeumwaga wapi?"

"Kwenye korongo, bosi, nyuma ya uwanja wa mpira. Si ndiko tunakomwaga?"

"Wa safari ya mwisho uko upande gani?"

"Bosi, pale kuna marundo. Tuko tipa tatu tunamwaga. Kwani kuna kitu kimepotea?"

"Nakuja."

Alinisubiri, namshukuru. Ni mtu mcheshi, siku zote ananitania, lakini aliponiona nashuka na ndoo aliacha utani akanifuata. Lile korongo watu wa jirani hutupa taka pia, na marundo yalikuwa mengi, mengine yameshasambazwa kwa koleo. Dereva akaonyesha moja, kisha akaonyesha la pili, kisha akakuna shingo. "Nadhani hili. Au lile pale. Bosi, udongo ni udongo, nitakudanganya."

Nilizunguka yale marundo nikitafuta weusi ule. Nilichukua udongo kiganjani nikaunusa, kama vile ningejua harufu. Nilitafuta kigae hata kimoja chenye rangi ile, sikukipata. Jua lilikuwa kali. Mwisho nilijaza ndoo kutoka kwenye lile rundo la kwanza, kwa sababu lilikuwa karibu na gari. Nasema ukweli. Sikuwa na sababu nyingine.

Nilirudi alasiri. Mtaro ulikuwa wazi, mtupu. Ng'ambo yake, upande wa ukutani kule ulikokuwa mstari wangu wa kwanza, mama na mama mdogo walikuwa wameshachimba shimo dogo kwa jembe la mkono. Mama alikuwa amejifunga kitenge kingine, kichwani amefunga kitambaa cheupe. Pembeni yake kulikuwa na chungu kingine, kile anachopikia mlenda, ameshakisugua kikang'aa. Mdomo wa kile cha zamani ulikuwa umelala juu ya kanga.

Nikaweka ndoo chini. Mama mdogo akasema, "Haya, toka sasa. Wanaume hawakai hapa."

"Mwache," mama akasema. "Huyu ni nduguye."

Nikabaki. Sikujua nisimame wapi, nikasimama karibu na ndoo. Mama akapiga magoti, akaniinulia uso. Macho yake yalikuwa makavu na yangu pia.

"Ni huu?"

"Ni huu mama."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Miaka yote nilikuwa nikimwambia una wasiwasi bure mama, niamini mimi, na alikuwa haniamini. Siku hiyo akaitika, akasema haya. Akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa udongo kwa kiganja, akaumimina kwenye chungu taratibu. Akatoa kiganja cha pili. Cha tatu kilikuwa na kizibo cha soda. Akakiona. Mimi pia nikakiona, na mama mdogo akakiona, akageuza uso ukutani. Mama akakichambua kwa ncha za vidole, akakiweka pembeni juu ya matofali, akaendelea. Kikatoka kipande cha mfuko wa nailoni. Akakiweka pembeni. Kikatoka kipande cha saruji, akakipangusa udongo wote uliokuwa umekishika, ukaingia chunguni, kisha akakiweka pembeni na vile vingine. Alikuwa anajua. Alifanya hivyo mpaka ndoo ikaisha, hakuacha hata punje.

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwepo, yalikuwa rahisi: mama, sikuupata, mama, nisamehe. Nilikaa kimya kwa sababu aliuhitaji ule udongo uwe ndio, na mimi ndiye niliyeuondoa wa kweli. Nilimdanganya mama yangu mbele ya kaburi la dada yangu na yeye akanisaidia kumdanganya.

Alipomaliza aliweka ule mdomo wa kale juu ya chungu kama kifuniko. Ulikuwa mdogo kidogo, haukuenea, akauweka hivyo hivyo. Kisha akaviokota vile vitu, kizibo na nailoni na saruji, akaviweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Hivi si vyake," akasema. "Katupe."

Nikaenda kuvitupa.